Asichoweza Kukipeleleza Bwana Msa

Msomaji wa Kiuyu, awe wa Minungwini, Mbuyuni au Maziwa Ng'ombe, hahitaji kufundishwa taharuki ni kitu gani. Amekulia Pemba, kisiwa ambacho jina lake tangu zamani hutajwa ng'ambo ya bahari pamoja na uganga na uchawi, na habari za Giningi, mji wa wachawi usioonekana ila na wenyewe, alizisikia kabla hajajua kusoma. Mtu akifa ghafla, swali linalonong'onwa barazani huweza kuwa "nani kamfanya" kabla halijawa "ameumwa nini". Swali hilo limebeba hofu yote ambayo mtunzi wa riwaya angeitamani, lakini jibu lake haliwezi kuhakikishwa. Anayetuhumiwa hana njia ya kujisafisha, na anayetuhumu hana njia ya kugundua kuwa amekosea. Ndiyo maana naamini Muhammed Said Abdulla alifanya zaidi ya kuburudisha alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, maiti imekutwa penye mzimu, na kila kitu kinamsukuma msomaji aamini kwamba wa kale wamelipiza. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, kwa kiko chake na subira yake, analirudisha swali kwa wanadamu. Aliyeua ana mikono na ana sababu, na sababu hiyo inaweza kuthibitishwa mbele ya watu.

Lakini zipo riwaya ambazo ndani yake Bwana Msa angekosa kazi. Hatari yake haipo mzimuni wala msituni, imo katika akili ya mtu anayelala chumba kimoja na mwenziwe. Wako wanaoyaona mapenzi katika riwaya za namna hii kuwa ni nyongeza ya kumvutia mnunuzi. Nashikilia kinyume chake. Mapenzi ndiyo yanayoizaa taharuki, kwanza kwa sababu hatumhofii mtu tusiyemjali, na zaidi kwa sababu mapenzi huleta swali lisilokubali upelelezi. "Nani kaua?" ni swali lenye mwisho. "Ananipenda kweli?" hutumia ushahidi wa aina ileile, barua, zawadi, kuchelewa kurudi, kimya cha ghafla, wala hautoshi. Zawadi yaweza kuwa pendo na yaweza kuwa chambo; kimya chaweza kuwa haya na chaweza kuwa hila. Katika Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyotoka mwaka 1938, bibi harusi ambaye hata jina hatupewi anauona unyamavu wa mumewe juu ya mke wa kwanza aliyekufa, akaufasiri kuwa bado anampenda marehemu. Kilichofichwa na unyamavu ule kilikuwa kitu kingine kabisa. Msomaji anakosea pamoja naye, huku wote wawili wakifikiri sawasawa.

Mohamed Suleiman Mohamed, Mzanzibari, alilikabili swali hilo uso kwa uso katika Kiu, ya mwaka 1972. Watu watatu wana kiu tatu: Bahati ana kiu ya kupendwa, Idi ana kiu ya mali, na Mwinyi, mzee tajiri, ana kiu ya Bahati. Msomaji anaanza kumtilia shaka Idi mapema kuliko Bahati, na kujua huko hakumpi raha yoyote. Kadiri anavyojua ndivyo anavyozidi kuogopa. Ni rahisi kusema Bahati alikuwa mjinga. Naona kusema hivyo ni kumdhulumu. Hebu mweke kando yake msichana mwingine wa mtaa huohuo anayependwa kwa dhati. Maneno anayoambiwa, ahadi anazopewa na macho anayotazamwa nayo hayana tofauti na aliyoyapata Bahati siku za mwanzo. Ushahidi wao ni mmoja. Na kama ushahidi mmoja huzaa ukweli huku na udanganyifu kule, basi kumwamini mpenzi hakuwezi kuwa hitimisho la ushahidi. Ni tendo, nalo hutendwa kabla mambo hayajabainika, au halitendwi kamwe.

Msomaji makini atanipinga hapo. Atasema kwamba katika riwaya swali hilo hujibiwa: mtunzi hutufungulia moyo wa mdanganyifu, nasi tukaona yaliyomo. Kweli hujibiwa, lakini tuangalie ni nani anayejibu. Mtunzi anauweza moyo ule kwa kuwa yeye ndiye aliyeutunga, na Bahati hana mtunzi wa kumnong'oneza. Msomaji hupewa kwa saa chache uwezo ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuwa nao juu ya mwenziwe, kisha akifunga kitabu humrudia mumewe, mkewe au mchumba wake bila uwezo huo. Kuzipitia hali hizo mbili kwa jioni moja kunamfikirisha mtu kuliko darasa lolote la maadili ninalolijua.

Iko njia ya pili, ya kutoamini kabisa, na Pemba imetoa mtunzi aliyeifuata hadi mwisho wake. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 1947, alimchora katika Utengano, ya mwaka 1980, Maksuudi, mwanamume anayewafungia ndani mkewe Tamima na bintiye Maimuna. Kufuli ni chombo cha mtu anayetaka uhakika. Kwa hesabu yake mwenyewe, Maksuudi angepaswa kuwa mtu wa mwisho kudanganyika katika riwaya nzima. Kumbe ndiye anayenaswa. Bi Farashuu, anayetaka kulipiza dhuluma aliyotendewa Mwanasururu na Maksuudi, anapanga njama na Kazija, na Kazija anawavuta baba na mwana, Maksuudi na Mussa, kila mmoja akijidhania yuko peke yake. Mapenzi hapa ni mtego, na msomaji hushika pumzi akiusubiri ufyatuke. Kilichokuwa mbele ya uso wake Maksuudi hakukiona, kwa sababu miaka ya kulinda ilimzoesha kutazama milango na ikamwacha hajui kumsoma mtu.

Pingamizi zito zaidi, kwa msomaji wa Kiuyu, ni la dini. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 12, inawataka waumini wajiepushe na dhana nyingi na wasipelelezane. Je, riwaya inayomfanya mtu amshuku kila anayetabasamu haimzoeshi dhambi hiyo? Zipo zinazomzoesha, zile ambazo kila mke mzuri ni sumu na kila rafiki ni nyoka, nazo sizitetei. Lakini dhana iliyokatazwa humwangukia mtu hai, mwenye heshima yake, sitara yake na watoto wanaobeba jina lake. Mhusika wa riwaya hana sitara ya kuvuliwa. Isitoshe, katika riwaya iliyoandikwa vizuri dhana ndiyo inayoumbuliwa. Msomaji anamshuku huyu, anatokea kuwa safi. Anamwamini yule, anatokea kuwa ndiye. Maishani marekebisho hayo ni adimu. Jirani aliyedhaniwa kuwa na kijicho huzikwa na tuhuma yake, na aliyemdhania huzikwa akiamini alijua.

Wako pia watakaosema kwamba watu walioonja hofu ya kweli hawana haja na hofu ya kutunga. Pemba inaikumbuka Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kabla ya hapo, baada ya uchaguzi wa 1995, ilifika mahali jirani hahudhurii maziko ya jirani kwa sababu ya chama. Sitaki kulifanya hilo dogo. Lakini hofu ile ilikuwa na haraka. Ilimlazimisha mtu awagawe wenziwe papo hapo, huyu wetu na yule si wetu, kwa kuwa kungoja kulikuwa hatari. Hofu ya riwaya hulazimisha kungoja. Humweka msomaji kurasa 200 mbele ya uso asioweza kuuhukumu, na kumzuia asiamue. Palipowahi kuamuliwa upesi mno, mazoezi ya kuchelewa kuamua si anasa.

Linabaki swali linalopaswa kuulizwa kwa niaba ya akina Bahati na Mwanasururu: ikiwa kuamini hutangulia ushahidi, mwanamke aambiwe tu aamini, kisha avumilie? Hasha. Ndoa ya Kiislamu ina walii, mashahidi wawili na mahari, na vyote hivyo huhusu yanayoonekana na kusikika: tamko, mali, ridhaa iliyosemwa. Hapo ushahidi una haki yake yote, na mwanamume anayemkataza mke kuulizia mali yake kwa kuwa eti anapendwa, huyo ndiye wa kuogopwa. Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameisoma, amekutana na jambo jingine. Ameikimbia ndoa ya mzee Raza, ndoa iliyokuwa na mashahidi wake, akampenda Denge, mpigania uhuru anayeandamwa na polisi wa kikoloni na ambaye kazi yake inamlazimu kuficha atokako na aendako. Mpelelezi yeyote angezipanga siri za Denge juu ya meza, akamwandika kuwa mtu asiyeaminika. Yasmin anaishi na siri hizohizo, na anampenda.