Takataka za Mji, Mboga za Jirani



Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa hapa Uganda mwaka 2020, na tena 2021, kila kipande cha shamba kina thamani. Udongo umechoka na mbolea ya dukani ni ghali. Ndiyo maana tunaulizana juu ya mbolea ya takataka za mjini. Mbarara ni mmojawapo wa miji iliyojengewa kiwanja cha kuziozesha. Je, ni halali kulisha watu kwa vitu vya jalalani?

Aibu si hoja. Samadi nayo ni uchafu, na yule mtunza shamba wa Luka 13 hakuona haya kuutilia mtini. Maganda ya ndizi na majani ya kabichi yalitoka shambani, na yarudi shambani. Lundo likigeuzwa vizuri hupata joto la nyuzi 55 na zaidi, na likidumu hivyo siku kadhaa, vijidudu vingi na mayai ya minyoo hufa.

Lakini joto hilo haliui risasi. Hatusemi ile ya bunduki tuliyoikimbia, ingawa madini ni yale yale. Tunasema ile iliyomo katika betri za gari na baadhi ya rangi. Haiozi. Hukaa udongoni miaka mingi, na mboga za majani kama lengalenga (wenyeji huita dodo) huibeba kuliko punje za mahindi. Anayeumia zaidi ni mtoto, katika akili yake, bila homa ya kumshtua mama. Huko Dandora, Nairobi, karibu na jalala kubwa, uchunguzi wa UNEP wa mwaka 2007 ulihusisha watoto 328. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi iliyofikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule.

Basi hatia ni ya nani? Kumbukumbu la Torati 22:8 inamdai mwenye nyumba ajenge ukuta kuzunguka dari yake, kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaanguka. Betri huonekana mkononi mwa anayeitupa. Ikishasagika ndani ya mbolea, mkulima haioni, wala mnunuzi. Kwa hiyo ukuta huo, tunaona sisi, hujengwa jikoni, pale maganda yanapotengwa na betri, sindano na balbu. Na anayenunua mbolea aulize: takataka zilichambuliwa kabla ya kuozeshwa? Kama sivyo, aipeleke kwenye miti ya kuni.

Limebaki gumu moja. Mama aliyekwisha kupanda, ambaye watoto wake hula kwa mafungu ya lengalenga anayouza, aseme sokoni amelima kwa mbolea gani? Tunasema ndiyo, kwa kuwa mlaji hana njia nyingine ya kujua. Lakini akisema, atarudi na beseni limejaa, na njaa ya siku hiyo itakuwa yake peke yake. Tumelizungumza hilo Jumapili mbili, na sanduku la kumchangia mtu kama huyo bado halijawekwa.