Starehe na Mizani Yake

Amma baad. Ndugu yangu, waniuliza: je, kustarehe ni dhambi? La, mwili nao una haki yake. Lakini karata za poka, ijapokuwa mwanafunzi aweka senti moja, ni kamari, kwani hapati mmoja ila kwa hasara ya mwenziwe. Na pombe, ijapopikwa kwa ustadi mkubwa, yalevya. Hata tone lake ni haramu, wala ustadi hauihalalishi. Ibn Battuta aliutazama mnara wa taa wa Iskandaria mwaka 1326, upande mmoja umebomoka. Aliporejea mwaka 1349 haukuingilika tena. Alistarehesha macho, hakumdhulumu mtu, akarudi na mazingatio. Basi uondokapo barazani jiulize: nimetoka na nini, nacho ni cha nani? Wallahu aalam.