Kabla Hujatuma Hela ya Kioo

Mwanangu, nimesikia duara lako la dhahabu limetema, umenunua Cessna 182 ya mwaka 1974, na sasa unataka kung'oa mita zake zote ufunge kioo kimoja kikubwa kutoka Marekani. Hongera kwa ndege. Hicho kioo kisubiri kidogo.

Muuzaji amekuambia kitakushusha ndani ya wingu hadi karibu na njia ya kutulia. Kwao ni kweli. Marekani kuna setilaiti za kusahihisha hesabu za GPS, ziitwazo WAAS, na Ulaya wana EGNOS. Huku kwetu masahihisho hayo hayapo. Kati ya Kahama na Geita utakuwa umelipia uwezo usiotumika.

Ule mshale wa ADF nao usiuonee huruma. Radi ikipiga juu ya ziwa, mshale huacha kituo cha redio na kuelekea kwenye radi, yaani palepale unapopaswa kupakimbia. Utoe, ufunge GPS ya kawaida iliyoidhinishwa, yenye ramani ya vilima. Ila uliza kwanza bei ya data, maana hubadilishwa kila baada ya siku 28, na ramani iliyopitwa na wakati ni hatari kwa rubani anayeiamini.

Lakini shilingi yako ya kwanza ipeleke mkiani. Humo mna kile kiboksi kinachotoa ishara ndege ikianguka. Kama ni cha megahezi 121.5 peke yake, setilaiti ziliacha kukisikiliza Februari 1, 2009. Kitalia mpaka betri iishe, asikisikie mtu ila rubani atakayepita jirani akiwa kwenye masafa hayo. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani pale Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, watu 19 kati ya 43 walifariki. Waliowahi kuwafikia abiria ni wavuvi na mitumbwi yao. Wewe ukianguka katikati ya msitu kule Bukombe, nani atakuona? Funga cha megahezi 406, ambacho setilaiti hukisikiliza, ukisajili, na namba za simu za nyumbani ziwemo.

Na ndege ile ya Precision Air ilikuwa mpya kuliko yako kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini upya haukuiokoa. Kwa hiyo hela itakayobaki mpe mwalimu, akuzoeze kurusha kwa mita huku huoni nje, na akuzoeze pia kugeuza mapema.

Jumamosi njoo na vitabu vya matengenezo. Nitamwita fundi afungue paneli, tuzikague nyaya kabla hujatuma hata senti.