Kitabu Kilichofichwa Chini ya Godoro

Miaka ya 1970 mwana wa Ukambani, David Maillu, alitoa After 4:30 na My Dear Bottle, vitabu vya mapenzi na ulevi vilivyouzwa kama njugu. Wahakiki walivibeza, Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Lakini Maillu huyohuyo aliandika Broken Drum, riwaya ya kurasa zaidi ya 1,000! Msomaji aliyemfungia mlango mapema hakuifikia riwaya hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi akishamaliza vitabu teule vya mtihani (hivyo havina mjadala), mimi ningemwacha asome hata kile kilichong'oka jalada. Kikimchosha, akirudishe kwa mwenyewe, aazime kingine.