Sekunde Moja Ni Mali ya Nani?

Mwaka 2008, katika raundi ya kwanza ya mashindano ya ubingwa wa dunia wa sataranji kwa wanawake mjini Nalchik, Urusi, Monika Soćko wa Poland na Sabina-Francesca Foișor wa Romania walifika mahali ambapo ubao ulikuwa karibu mtupu. Kila mmoja alibaki na mfalme na farasi mmoja. Anayeujua mchezo huu anajua kwamba hapo hakuna cha kushindania, maana farasi mmoja hawezi kumfunga mfalme asiyetaka kufungwa. Lakini huu ulikuwa mchezo wa kuamua nani asonge mbele na nani afungashe virago, na ulichezwa kwa dakika chache tu. Soćko, mwenye kete nyeupe, alikuwa na muda zaidi ila alilazimika kushinda. Foișor, mwenye nyeusi, sare ingemtosha. Muda ukamwishia Foișor.

Mwamuzi akatangaza sare. Soćko akakata rufaa, na rufaa ikakubaliwa. Sheria haiulizi kama kweli ungeshinda. Inauliza kama upo mfuatano wowote wa hatua halali, hata wa kipuuzi, ambao ungemfikisha mfalme wa mwenzako kifungoni. Kila upande ukiwa na farasi, mfuatano huo upo: mfalme ajibanze kwenye kona, na farasi wake mwenyewe amzibie njia. Hakuna mchezaji mwenye akili timamu anayeweza kufanya hivyo kwa hiari. Lakini inawezekana, na kwa sheria hiyo inatosha. Foișor akatolewa.

Je, Soćko alishinda, au alichukua kisichokuwa chake?

Swali hili hujirudia kila siku katika sataranji ya kasi, ile inayoitwa blitzi, ambapo kila mchezaji ana dakika 10 au pungufu kwa mchezo mzima. Mimi hucheza ya dakika 3 kwenye simu. Gawanya sekunde 180 kwa hatua 40, unapata sekunde nne na nusu kwa kila hatua, nazo ni za kuona, kuchagua, kuogopa na kusogeza. Mara nyingi mtu aliyezidiwa ubaoni, ambaye malkia wake ameshaliwa, anashinda kwa sababu tu saa ya mwenzake imefika sifuri. Wapo wanaoona aibu kushinda hivyo. Wapo pia wanaoandika matusi baada ya kushindwa hivyo, kana kwamba wameibiwa mfukoni.

Mimi naona hawajaibiwa, na sababu iko kwenye historia ya saa yenyewe. Zamani mchezaji aliweza kuukodolea macho ubao kwa muda aliotaka, na katika mashindano ya London ya mwaka 1851 malalamiko juu ya wachezaji wazito yalisikika wazi. Barazani kwetu, kwenye drafti la vizibo vya soda, tatizo hilo hutatuliwa na watazamaji. Ukichelewa unazomewa, unaambiwa ulale nyumbani kwako, na mwisho unacheza ili kelele ziishe. Waingereza walipata dawa nyingine. Mwaka 1883, tena London, ilitumika saa ya Thomas Bright Wilson wa Manchester. Zilikuwa saa mbili juu ya mti mmoja unaoinama kama mizani: ukiinamisha upande mmoja, saa moja inasimama na nyingine inaanza kutembea. Kuanzia hapo muda ulikuwa kitu cha kutumia na kuishiwa, kama kete.

Ndiyo maana malalamiko ya aliyeishiwa muda hayanishawishi. Tuseme ametumia sekunde 40 kuutafuta ule mpango mzuri uliomletea malkia. Malkia huyo hakuja bure, amenunuliwa kwa sekunde. Mwenzake hakununua, akaweka akiba. Mwishoni mmoja ana jeshi, mwingine ana dakika. Kumwambia mwenye dakika kwamba mali yake si halali ni sawa na mtu aliyemaliza mshahara kwa kununua sofa kumlaumu jirani kwamba ana fedha mkononi.

Kuna aliyeona kasoro katika hesabu hii. Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alipewa hataza nchini Marekani mwaka 1989 kwa saa inayomwongezea mchezaji muda kila anapocheza hatua. Wazo lake ni kwamba aliye katika nafasi nzuri asipoteze kwa sababu tu mkono wake haukuwahi. Leo ubingwa wa dunia wa blitzi huchezwa kwa dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua. Sekunde 2 si nyingi, lakini kila hatua inajilipia chakula chake. Naiheshimu saa ya Fischer. Hata hivyo haifuti hoja yangu: inabadilisha bei ya muda, na muda unaendelea kuwa na bei. Waliokaa mezani kwa masharti ya zamani walikubali bei ya zamani.

Kwa hiyo Soćko hakuiba. Alishinda kwa kitu ambacho wote wawili walikikubali kabla ya hatua ya kwanza. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema kwamba mbio zina haki ya kila kitu, na sivyo ninavyoamini.

Mwaka huohuo, mjini Tulsa, Oklahoma, Irina Krush na Anna Zatonskih walikuwa wakigombea ubingwa wa wanawake wa Marekani. Baada ya kushindwa kutenganishwa na michezo mirefu na mifupi, walicheza mmoja wa mwisho. Krush alichukua nyeupe na dakika 6. Zatonskih alichukua nyeusi na dakika 4 na nusu, na sare ingempa taji. Mwishoni mikono ilikuwa inaruka juu ya ubao. Muda wa Krush uliisha, wa Zatonskih ukabaki sekunde 1. Baadaye Krush aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba mwenzake alikuwa akicheza kabla yeye hajamaliza zamu yake. Taji lilibaki kwa Zatonskih. Kesi hiyo si yangu kuiamua. Kinachonivutia ni lalamiko lenyewe. Krush hakulalamikia kwamba alikimbizwa. Alilalamikia zamu yake.

Blitzi ina kanuni mbili ndogo ambazo mgeni anaweza kuziona za kitoto. Ya kwanza: mkono uliosogeza kete ndio huohuo unaotakiwa kubonyeza saa. Ya pili: ukiangusha kete kwa haraka zako, unazisimamisha upya kwa muda wako mwenyewe, saa yako ikiendelea kutembea. Huruhusiwi kubonyeza saa na kumwachia mwenzako fujo uliyoifanya, aokote kete sakafuni huku sekunde zake zikiteketea.

Kwangu maadili yote ya haraka yamo katika kanuni hiyo ya pili. Haraka si dhambi. Kimbia utakavyo, mradi gharama ya mbio zako uilipe wewe. Kosa linaanza pale unapoipeleka bili kwa mwingine. Dereva wa basi anayelipita lori kwenye kona anawahi yeye, lakini rehani aliyoweka ni abiria 60. Anayesambaza habari kwenye makundi ya simu bila kuisoma ameokoa dakika yake, na dakika hiyo inalipwa na mtu aliyetajwa ndani yake. Hao wameangusha kete wakabonyeza saa.

Hapa kuna pingamizi la kweli. Katika sekunde 5 za mwisho, nani anaamua? Mwaka 1973 wanasaikolojia William Chase na Herbert Simon walichapisha utafiti ambamo wachezaji wa viwango tofauti walionyeshwa ubao kwa sekunde 5 tu, kisha wakaupanga upya kwa kumbukumbu. Kete zikiwa zimetoka kwenye mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali anayeanza. Zikiwa zimetawanywa ovyo, ubingwa wake karibu wote ulitoweka. Kumbe jicho la bingwa linatambua yaliyokwisha kuwekwa ndani yake kwa miaka. Kama ndivyo, mchezaji anayebanwa na saa hachagui sana. Anatoa alichonacho ghalani. Tutamlaumuje kwa kilichotoka?

Wengi hujibu kwamba haraka humfichua mtu alivyo. Siliamini hilo moja kwa moja. Anayetafakari kwa saa nzima ni yeye pia, sawa na yule wa sekunde 1. Ninachoamini ni kwamba ghala lilijazwa na mtu mwenye muda. Mchezaji aliyezoea kusimamisha kete zilizoanguka katika michezo 1,000 isiyo na maana atazisimamisha pia siku ya taji, bila kuamua. Aliyezoea kuziacha ataziacha, naye ataapa, pengine kwa ukweli, kwamba hakukusudia. Lawama yake haiko katika sekunde ile. Iko katika jioni zile zote ambapo hakuna aliyekuwa anamtazama.

Tena saa ikishasimama, muda unarudi. Mkono uliokosea kwa haraka unaweza kukiri taratibu, na hapo hakuna wa kusingizia saa.

Wahenga walituachia yote mawili: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu hucheka kwamba walijipinga. Sidhani. Wanaocheza dakika 3 wanaweza kuzishika methali zote mbili kwa pamoja: cheza upesi, na kilichoanguka kiokote kwa muda wako.