Hajiri jangwani, wewe Mbuchi



Mdogo wangu, labda uko Mbuchi, kule delta ya Rufiji. Juzi usiku uliteleza, bila kinga. Tangu hapo hulali. Kwa mama huwezi kusema, kwa padre unaona aibu.

Soma Mwanzo 16. Hajiri alikuwa mjamzito, akakimbilia jangwani. Mungu hakuanza na fimbo. Alimtafuta, akamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ndipo Hajiri akamwita Mungu anayeona.

Basi nawe anaiona hofu yako. Lakini hofu isikufungie ndani. Mtu wa delta anajua: maji yakishakupwa, boti linakwama. Kuna mambo yana saa zake.

Dawa ya kujikinga na VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, halafu inamezwa siku 28. Kwa hiyo nenda kituo cha afya leo, sio Jumatatu. Kama ulilazimishwa, nenda haraka zaidi. Aliyebakwa hana dhambi ya kuungama kwa hilo!

Kuhusu mimba, mara moja tu yaweza kutosha. Kujiosha au kunywa maji ya chumvi hakuzuii kitu. Wenzako watakutajia P2. Sikufichi: Kanisa halikubali kuzuia mimba, Papa Paulo VI aliliandika hilo mwaka 1968 katika Humanae Vitae. Na ujue vidonge hivyo haviondoi mimba iliyokwisha kuingia, wala havizuii VVU. Kipimo cha mimba hutoa jibu la uhakika zikipita wiki tatu.

Je, kikionyesha mimba? Usinywe dawa za vichochoroni, zinaua. Huyo mtoto siyo adhabu. Na shule haijaisha: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani.

Na wewe kaka, usizime simu. Mlikuwa wawili usiku ule, muwe wawili na kituoni. Nawe upimwe.

Kitubio kipo, kinakusubiri. Ila usingoje uwe msafi ndipo uombe msaada. Leo mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini: shangazi, sista, nesi.

Tuombe: Ee Mungu unayeona, mtazame binti yako aliyejificha. Mpe ujasiri wa kuinuka kabla maji hayajakupwa. Amina.