Kumtahiri Mtoto wa Kike: Je, Ganzi Huhalalisha?

Tumeulizwa na ndugu mmoja Mwislamu akaaye Kisii, aliyeoa katika Wagusii: "Mabinti zangu wawili wamefika umri ambao majirani huwatahiri wasichana wao. Mama mkwe ataka wakatwe likizo ya Disemba, na yuko mwuguzi aliye tayari kuja nyumbani na sindano ya ganzi na wembe mpya. Maadamu hapana maumivu wala uchafu, na maadamu wavulana wetu twawatahiri, pana ubaya gani?"

Suala hili lina mambo ambayo watu huona haya kuyataja. Lakini Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi nasi twajibu waziwazi, kwa adabu.

Kwanza ijulikane hali ilivyo. Katika Kisii na Nyamira msichana asiyekatwa huitwa egesagaane, na jina hilo hutumika kama tusi. Uchunguzi wa Serikali wa 2008-2009 uliona kuwa wanawake 96 katika kila 100 wa Kigusii wamekatwa. Mwaka 2014 walikuwa 84, na mwaka 2022 walikuwa 77, hali ya kuwa kwa Kenya nzima walikuwa 15. Mila yapungua, walakin imebadili mkono: kazi ya ngariba sasa hufanywa mara nyingi na watu wa utabibu, kwa siri. Sheria ya 2011 imelikataza jambo hili, wala haikumsamehe mwuguzi wala daktari. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Daktari mmoja alishitaki ili sheria hiyo iondolewe, na Mahakama Kuu ikamkatalia mwaka 2021.

Lakini muulizaji ataka hukumu ya dini. Naye ameleta hoja mbili: kiyasi cha mvulana, na ganzi.

Ama kiyasi, sharti lake ni kuwa vitu viwili vishirikiane katika sababu ya hukumu. Hapa havishirikiani. Wataalamu wa mwili wametubainishia kuwa katika wiki za mwanzo za mimba, mpaka kama ya tisa, utupu wa nje wa mtoto wa kiume na wa kike haupambanuki: kila mmoja ana kijinundu kimoja kilicho sawa. Akiwa wa kiume, korodani zake changa hutoa homoni iitwayo testosteroni, na kwa nguvu yake kijinundu kile hukua kikawa dhakari. Akiwa wa kike, homoni hiyo haimfikii kwa kadiri hiyo, na kijinundu kile kile huwa kinembe. Basi ndugu wa kinembe si govi; ndugu yake ni kichwa cha dhakari. Mvulana huondolewa ngozi ya juu, na kiungo chake kikabaki. Ni baba gani atakayeridhia mwanawe akatwe kichwa cha dhakari, kisha aambiwe kuwa hiyo ndiyo tohara?

Na akisema mtu, "Basi tutakata kijingozi cha juu tu," twamwambia: kwa mtoto mdogo kijingozi hicho na kiungo chenyewe vimeshikana na ni vidogo mno. Mkono gani ulio amini wa kuvitenga, tena kwa siri, chumbani?

Wengine husema kuwa kukata hutuliza matamanio na kuhifadhi heshima. Matamanio huanzia katika ubongo, nazo homoni huyasaidia. Nyingi katika hizo hutoka katika vifuko vya mayai na tezi zilizo juu ya figo. Wembe haufiki huko. Wembe huondoa ladha ambayo Mungu amemhalalishia mke kwa mumewe, na tamaa huiacha mahali pake. Heshima hulindwa na malezi na kumcha Mungu.

Ama ganzi, huondoa maumivu ya saa moja, haiondoi hasara ya umri mzima. Mwenye kumwibia mtu aliyelala hamuumizi. Je, si mwizi? Wembe safi huzuia kidonda kuoza, haurejeshi kiungo. Na kiungo cha mtoto ni amana kwa baba, si mali yake. Hata ustadi wa mwuguzi ni amana aliyopewa kwa kutibu, na binti huyu hana ugonjwa.

Hatufichi kuwa wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameihesabu tohara kuwa wajibu kwa wote wawili. Nasi wenyewe ndivyo tulivyosomeshwa, na tukasomesha. Lakini Hanafi na Maliki hawakumwajibishia mwanamke. Hadithi mashuhuri ya mkataji wa Madina, Abu Daud aliyeipokea ndiye aliyesema kuwa ni dhaifu. Na mwaka 2006 wanachuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, waliamua kuwa jambo hili ni madhara na yapasa liachwe. Maimamu wetu walihukumu kwa ilimu ya mwili iliyokuwapo zama zao, na wana ujira wao. Sisi tuliofikiwa na ilimu hii tutajibu nini tukiulizwa? Kanuni yao wenyewe ni kuwa madhara huondolewa.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni: usiwakate, kwa ngariba wala kwa mwuguzi. Wala usimvunjie heshima mama mkwe wako. Yeye achelea wajukuu wasitukanwe, na hilo ni pendo. Kaa naye, mweleze kama tulivyokueleza. Disemba ikifika, wapikie mabinti karamu, wapeni nguo mpya, naye bibi yao awafundishe mambo ya utu uzima na ya unyumba anayoyajua. Wataingia katika utu uzima wakiwa kamili kama walivyoumbwa.

Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.